Majina Thelathini na Manne

Birongo, Jumapili 3 Machi 1968

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, na mimi nimeanza daftari hili. Mtu anayetaka kutoa kitabu cha Kiswahili hana budi kufanya mazoezi ya Kiswahili kila siku, na nyumbani kwangu hakuna wa kuzungumza naye lugha hiyo ila kamusi. Mke wangu Orpah akinisikia nikisema Kiswahili jikoni huuliza kama kuna polisi mlangoni.

Kitabu chenyewe kimekwisha. Kimo katika madaftari mawili ya shule yenye jalada la buluu. Mwandishi ni mimi, Mwalimu Okemwa Mogaka, lakini msemaji ni Tata. Tata ndiyo kusema baba. Kwetu ukisema "baba" umemwita mama yako, na huko ndiko shida zangu za Kiswahili zilikoanzia.

Mwaka 1917 serikali ilimchukua Tata pamoja na vijana wengine wa mlima wetu kwenda kubeba mizigo ya vita huko kwa Wajerumani. Walitoka hapa watu arobaini na mmoja, wakarudi saba. Wale thelathini na wanne walikufa kwa kuhara na njaa na homa, wakaachwa kando ya njia. Hakuna aliyezikwa nyumbani, wala barua haikuja. Sita kati ya waliorudi wamekwisha kufa. Amebaki Tata, Mzee Jethro Mogaka, naye macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho.

Desemba nzima aliniketisha akayasema majina, na kwa kila jina akatia punje ya harage ndani ya kopo la majani ya chai. Anataka asomewe majina hayo kutoka katika kitabu kilichopigwa chapa, kabla hajafa. Daftari halitaki. Daftari, anasema, ni chakula cha panya. Nilimuuliza kwa nini kiwe cha Kiswahili na si cha Ekegusii, lugha yetu. Akasema, "Serikali iliyowachukua haijui Ekegusii. Ilituita kwa Kiswahili, na ijibiwe kwa Kiswahili."

5 Machi

Mvua. Darasa la sita hawajui kugawanya. Orpah ameuliza bati la nyumba litanunuliwa lini.

8 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni nikaenda Kisii mjini. Nilianza kwa Praful, mwenye kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya maduka ya nguo. Hupiga kadi za harusi, bahasha za kanisa, vitabu vya risiti. Alifungua daftari langu, akalisogeza mbali kidogo na uso, akalirudisha.

"Mwalimu, mimi napiga chapa tu," alisema. "Kama iko makosa kwa karatasi yako, hiyo makosa mimi napiga chapa pia, mara mia tatu. Tafuta fundi ya lugha kwanza. Iko Nyangau, karibu na soko."

Alfayo Nyangau ni Mkisii kama mimi, wa upande wa Nyamarambe, lakini ameishi Mombasa miaka ishirini akiwa karani. Alirudi na kofia ya viua, taipureta na Kiswahili. Chumbani kwake pana kibao kilichoandikwa: BARUA, MAOMBI, VITABU, HUSAHIHISHWA. Alifungua ukurasa wangu wa kwanza, akachomoa kalamu ya wino mwekundu.

"'Tuliripa kodi,'" akasoma. "Mliripa, Mwalimu? Ndiyo kufanya nini huko? Na 'chakura' huyu, ni mnyama wa mbuga gani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Miaka ishirini na mbili nimefundisha watoto wa watu, na ninapokuwa macho mbona naandika vizuri, lakini Tata alipokuwa akisema haraka mkono wangu uliandika kama ulimi wangu. Nyangau akanihurumia, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Si kosa lako. Lugha yenu haina L," alisema. Lugha yenu! Utadhani yeye alizaliwa Forodhani.

Tukapatana. Atasahihisha, atapiga taipu, mimi nitapeleka kwa Praful kitu safi. Nilimwambia, na naandika hapa ili nikumbuke nilivyomwambia: R na L azisafishe zote, ila majina ya wale waliokufa asiguse hata herufi moja, kwa kuwa hayana L na hayatakuwa nayo. Aliapa kwa marehemu mama yake. Kisha kwa kutaka kuonekana mtu ninayejua mambo ya vitabu nikaongeza kwamba panapo maneno yanayorudiwarudiwa ayapunguze, kwani Tata ni mzee na wazee hurudia.

"Hiyo ndiyo kazi yangu hasa," Nyangau alisema. "Kurudia ni ugonjwa wa bara."

12 Machi

Nimeuza mtamba wetu. Nimechukua na pesa za pareto za msimu uliopita, ambazo Orpah alizichuma ua kwa ua akiwa na mgongo mbovu, na ambazo zilikuwa za bati. Alinipa mwenyewe. Ningependa angenigombeza.

16 Machi, Sabato

Tata alisimama kanisani akaombea "kazi ya Okemwa". Watu wakaitikia amina. Nilijiona mtu mkubwa kwa muda wa kama nusu saa.

24 Machi

Nyangau hajaanza. Mvua.

31 Machi

Nyangau ameanza. Nimeona ukurasa wa kwanza umejaa wekundu kama mtu aliyenyolewa na kiwembe kibutu. Anataka nusu ya pili ya malipo kabla ya kuendelea, kwa sababu ya utepe wa taipureta na karatasi za kaboni. Nikampa.

3 Aprili

Tata ameuliza kama kimefika.

4 Aprili

Tata ameuliza.

8 Aprili

Mto wa chini umefurika, watoto wa ng'ambo hawakuja shule. Paa linavuja mahali pawili, moja juu ya kitanda cha Tata. Tumemhamisha. Orpah aliinua macho akalitazama paa, kisha akanitazama mimi. Nikatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye nilijua yuko salama.

Tata aliniita baadaye. Alitaka kujua huyo fundi wa lugha ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu wetu, ila amekaa sana Pwani, anasema Kiswahili kama maji. Tata akafikiri.

"Vitani alikuwako karani wa namna hiyo," alisema. "Mtu wetu, wa huku. Alipewa kalamu, akawa anatuita kwa namba. Hata kaka yake alimwita kwa namba."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba siku hizi hakuna mambo hayo.

10 Aprili

Tata ameuliza.

19 Aprili, Ijumaa

Siku njema kuliko zote tangu mvua ianze. Nyangau amemaliza!

Kurasa sitini na moja za taipu, zimefungwa kwa uzi. Nilizichukua nikaenda kukaa barazani kwa Praful, nikafungua kamusi magotini, nikazipitia kwa saa tatu nikitafuta L na R. Mkewe Praful, mama mmoja mpole anayeitwa Chanchal, ndiye hushona vitabu kwa sindano. Aliniletea chai mara mbili bila kuombwa. Kila L iko mahali pake. Tulilipa kodi. Tulikula chakula. Tulilala njaa. Lo, hata njaa yetu sasa imekuwa nzuri kusoma!

Nilipofika kwenye orodha ya majina nikaweka kamusi kando. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko pote, kwamba Nyangau kwa bidii yake atakuwa ameandika Latemo, Makoli, Nyaliki, na kuwavisha marehemu kanzu wasiyoijua. Niliteremka na kidole. Obure, Ratemo, Makori, Nyariki, Onsare, Ongeri. Hakuna L hata moja iliyoingia. Orodha yote imekaa katika ukurasa mmoja, safu moja, nadhifu kabisa. Yule bwana ameshika kiapo chake. Nilikuwa nimemfikiria vibaya, na naandika hapa kwamba nimejuta.

Praful akasema, "Chukua nyumbani, Mwalimu. Soma tena siku mbili, tatu. Mimi nikishapanga herufi kwa chuma, iko ngumu kurudi."

Nikamwambia hakuna haja. Tata ana kikohozi tangu juzi, na mimi nimelipa mtaalamu ili nisiwe mtaalamu. Nikamwachia kurasa na pesa zote zilizobaki. Nilirudi kwa miguu kutoka njia panda, nimelowa chapachapa, nikiimba.

28 Aprili

Lori lililobeba karatasi za Praful limekwama matopeni njia ya Kisumu.

2 Mei

Bado limekwama. Tata ameuliza.

6 Mei

Karatasi zimefika, nyingine zimelowa. Praful anazikausha kwenye kamba kama nguo za mtoto.

11 Mei, Sabato

Tata hakuweza kwenda kanisani. Kifua. Anapopumua unasikia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Mganga wa zahanati amempa sindano na kusema umri ni umri. Nilimchukia sana kwa neno hilo, ingawa alilisema kwa upole.

14 Mei

Tata hakuuliza leo. Nilikaa karibu naye nikingoja aulize.

15 Mei

Ameuliza. Nimefurahi kama mjinga.

20 Mei

Nimekuwa nikimfikiria Orpah. Miaka kumi na tisa nimemwona mtu wa jembe na sufuria, mimi ndiye wa vitabu. Jana usemi wa Tata ulikuwa umefifia hata mimi sikumwelewa, naye Orpah akainama, akamsikiliza, akamwambia neno, akacheka naye. Nikauliza wamesema nini. "Anasema wewe ulivyo na haraka ya kumaliza mambo, ulizaliwa kabla mkunga hajafika," akajibu. Akaenda kuchuma pareto mvuani.

27 Mei

Praful amepiga kurasa arobaini. Zimebaki ishirini na moja na jalada.

2 Juni, Jumapili

Nilivichukua vitabu jana jioni, baada ya Sabato kwisha. Mia tatu, vimefungwa kwa kamba katika makatoni matatu. Jalada ni la kijani. Jina la Tata liko juu na langu chini. Chanchal alikuwa ameshona nakala moja kwa uzi mwekundu, akanipa, akasema hiyo ni ya mzee.

Leo baada ya chakula cha mchana tulimvalisha Tata koti lake la kanisani tukamketisha kwenye kiti chenye mikono. Mvua ilikuwa ikinyesha, paa likivuja ndani ya karai. Orpah alisimama mlangoni, mikono ina unga. Nikaanza kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya darasani. Tata akanikata.

"Hayo nayajua. Nilikuwako. Soma majina."

Aliomba kopo lake la maharagwe. Akaliweka baina ya magoti. Nikafungua ukurasa wa mwisho.

"Obure," nikasoma. Akatoa punje moja akaiweka kwenye kitambaa mapajani.

"Ratemo."

"Yupi?"

Nikatazama. Pameandikwa Ratemo tu. "Ratemo," nikarudia.

"Nimesikia. Nakuuliza yupi."

Sikuelewa. Nikamwambia naendelea. Akatoa punje moja, polepole. Makori, nikasoma, naye hakuuliza tena, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza hatua njiani. Nyariki. Onsare. Ongeri. Mosoti. Nikaenda hivyo hadi chini. Chini pameandikwa MWISHO kwa herufi kubwa. Nikafunga kitabu.

Tata akatikisa kopo. Likalia.

"Soma," alisema.

"Nimemaliza, Tata."

"Hujamaliza."

Akamimina punje zilizobaki kiganjani akazihesabu kwa kidole gumba, mara moja, mara ya pili. Zilikuwa kumi na moja. Akaninyoshea mkono zikiwa wazi mbele yangu.

"Na hawa ni nani?"

Hapo ndipo akili ilipofunguka, na namwomba Mungu anisamehe kwamba ilifunguka nikiwa na kitabu mkononi. Nilifungua tena. Ratemo mmoja. Katika daftari walikuwa wanne, kwa kuwa babu mmoja mashuhuri aliitwa Ratemo na kila nyumba ikampa mtoto jina lake, kama ilivyo desturi yetu ya kuwarudisha waliotangulia. Makori watatu. Nyariki watatu, Ongeri watatu, Onsare wawili, Obure wawili. Wote walikuwa na maneno yao ya kuwatambulisha: huyu mrefu, huyu mwenye kovu, huyu wa mama fulani. Kitabuni kila jina limetajwa mara moja.

Nilikuwa nimepita na kidole juu ya orodha ile nikitafuta L. Sikuhesabu. Mwalimu wa hesabu sikuhesabu.

Orpah ndiye aliyesema naye, si mimi. Alipiga magoti akamweleza kwamba fundi amekosea, kwamba Okemwa atakwenda kesho kuchukua madaftari, kwamba itatengenezwa. Tata hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alizirudisha zile punje ndani ya kopo, akauliza kama mvua imepungua.

3 Juni

Nimefika kwa Nyangau kabla hajafungua mlango. Nikamwekea kitabu mezani, wazi pale pale. Akakitazama kwa furaha.

"Kimetoka safi! Umeona? Sikugusa herufi moja."

"Walikuwa thelathini na wanne. Hapa wako ishirini na watatu."

"Aa, nilipunguza yaliyorudiwa. Ulisema mwenyewe. Jina likishatajwa limetajwa, Mwalimu. Makori nimemtaja. Ulitaka aitwe mara tatu kama mwanafunzi mtoro? Na yale ya 'mrefu' na 'mwenye kovu' ni mazungumzo ya jikoni, hayafai kitabuni."

"Ni watu watatu," nikasema.

Akakisogeza kitabu karibu.

"Wewe ni Mkisii, Nyangau. Kwenu Nyamarambe, nyumbani kwa baba yako, akina Nyangau mko wangapi?"

Alivua kofia. Sikuwa nimemwona bila kofia. Kichwa chake kina mvi nyingi. Aliiweka juu ya taipureta. Kisha akasema kwa Ekegusii, na ndiyo mara yake ya kwanza kusema nami kwa Ekegusii, "Watano." Na baadaye, "Nilikuwa nasoma kama Mswahili."

Nilimwambia anipe madaftari yangu. Akamwita mkewe. Yule mama alikuja akifuta mikono, akatutazama mmoja mmoja, akaeleza bila kuficha: kazi ilikwisha pigwa taipu, madaftari yalikaa kando ya jiko, na kwa mvua zile kuni zilikuwa mbichi, haziwaki bila karatasi.

Nyangau akafungua sanduku akanirudishia shilingi arobaini, akasema ndizo alizo nazo. Nilitaka kumtupia usoni. Nikazitia mfukoni. Ni za bati.

Praful alisoma orodha akafunga kitabu. "Kupanga tena ukurasa moja mimi sitaki pesa," alisema. "Nitabandika juu ya ile ya zamani. Lakini, Mwalimu, leta majina."

4 Juni

Nimekaa na Tata tangu asubuhi. Yeye hakuyakumbuka majina kama orodha. Aliyakumbuka kama msafara, alivyowaona mbele yake na nyuma yake na mizigo kichwani, na Desemba aliutembea msafara ule wote kwa mdomo, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Leo amefika mtu wa tano, pumzi ikamwisha. Akaanza tena kutoka mwanzo, kwa kuwa hawezi kuanzia katikati.

Mimi nakumbuka mawili tu kwa hakika: Makori mrefu, na Ratemo wa mama Bitutu. Mengine niliyaandika. Nikishaandika kitu nakisahau, ndiyo maana huandika.

6 Juni

Amefika mtu wa tisa. Tumempata Nyariki mwenye kovu.

7 Juni

Amefika wa sita. Amemwita Ongeri mmoja kwa jina la ndugu yangu aliyekufa utotoni, akalia.

10 Juni

Tumempata Obure wa pili, aliyejua kupiga filimbi. Hao ni wanne. Wamebaki saba. Nimemwomba ajaribu tena. Orpah alinishika mkono akanitoa nje. "Unamwendesha kama walivyomwendesha vitani," aliniambia. Niliingia shuleni nikachapa watoto wawili bila sababu. Nimewaomba msamaha.

11 Juni

Mvua imekatika. Jua kali. Tata hasemi.

13 Juni, Alhamisi

Tata amefariki alfajiri.

16 Juni

Tumemzika. Watu walikuwa wengi, kutoka Nyanchwa na hata Nyamira. Mchungaji hakujua lolote; kwa wema wake alichukua kitabu mezani akasema atayasoma majina ya wenzake marehemu, na kabla sijanyanyuka alikuwa amekwisha anza. Aliyasoma vizuri, kwa sauti. Ishirini na matatu. Nilitazama chini muda wote. Nilikuwa nikisikia watu wakinong'onezana kila lilipotajwa jina lao, na mama mmoja akapiga kigelegele katikati ya mazishi.

18 Juni, Jumanne

Mzee Machogu amekuja kutoka Nyamarambe, alikohamia zamani, safari ya siku nzima. Kaka yake mkubwa alikuwa Makori. Alimsikia mchungaji akimtaja mazishini, na tangu siku hiyo hajalala kwa furaha. Amenunua nakala mbili. Akaniuliza kama ni yeye. Huyo mrefu ninayemkumbuka nilidhani ndiye, nikamuuliza kaka yake alikuwa mtu wa umbo gani. Akasema alikuwa mfupi, mnene, mcheshi.

Nikamwambia ndiye. Aliniomba nipige mstari chini ya jina ili wajukuu wasihangaike kulitafuta. Nikapiga, katika nakala zote mbili, nikitumia rula.

23 Juni

Leo asubuhi amekuja Bonareri wa ng'ambo ya mto. Ni mwanamke wa miaka hamsini, na ndiyo umri wa vita vyenyewe. Baba yake alichukuliwa yeye akiwa tumboni. Hakuwahi kuonyeshwa kaburi wala picha. Alileta kuku, kwani hana pesa, nikamwambia kitabu si cha kuuza kwake, akakataa kukichukua bure.

Hajui kusoma. Nikamfungulia ukurasa, akaniambia nimwekee kidole chake pale. Nikakishika, kidole kigumu cha mtu wa jembe, nikakiweka juu ya Makori. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Watu wanasema walikuwa wengi jina hili," alisema. "Mzee Machogu anasema huyu ni wake. Wewe uliyeandika, Mwalimu, niambie. Huyu ni baba yangu?"

Orpah alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Alinitazama, hakuondoa macho, na kwa mara ya kwanza tangu mvua sikuona lawama machoni mwake, niliona kwamba ananihurumia. Nilifikiri kumweleza Bonareri yote, Nyangau na wino mwekundu na kuni mbichi na mimi nikitafuta L. Nilifikiri angeondoka na nini.

"Ndiye," nikasema. "Huyo ni baba yako."

Akaomba mstari. Nikachukua rula nikampigia. Alikifunga kitabu ndani ya leso, akaondoka akiwa amekishika kifuani, na kuku wake akabaki uani akidonoa. Nimeona aibu tangu saa ile, na najua ningeulizwa tena ningejibu vile vile.

Wamenitumia habari kwamba watu wa Ratemo wanakuja kesho. Ratemo walikuwa wanne.